Tatizo Letu ni Toleo la Pili

Karakana ndogo inapoanza kuunda na kuuza kiunzi kilichoboreshwa cha gari la mashindano, aghalabu habari hiyo huachiwa wapenzi wa langalanga. Mimi naiona kuwa habari ya walimu na wanafunzi hasa. Nasema "kiunzi", ingawa mafundi wetu wa Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, husema "chesisi". Sina ugomvi nao maadamu wanaelewana, ila neno kiunzi lanipendeza kwa kuwa lataja wazi kile kinachobeba injini, magurudumu na dereva.

Mnamo mwaka wa 1946 Charles Cooper na mwanawe John walikuwa na gereji mjini Surbiton, karibu na London. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia. Walitwaa nusu za mbele za magari mawili ya Fiat Topolino, wakazilehemu zikipeana mgongo, na kila gurudumu likapata uhuru wa kupanda na kushuka peke yake. Nyuma ya dereva walitia injini ya pikipiki ya JAP yenye ujazo wa sentimita 500. Kuiweka huko hakukutokana na nadharia yoyote kubwa. Injini ya pikipiki huzungusha gurudumu la nyuma kwa mnyororo, na mnyororo haupendi safari ndefu.

Lililo muhimu kwangu ni yale yaliyofuata. Mwaka wa 1948 walianza kuunda magari ya kuuza, takriban kumi na mawili, yaliyorekebishwa kutokana na mafunzo ya yale ya kwanza. Mmoja wa wanunuzi alikuwa kijana wa miaka 18 aitwaye Stirling Moss. Gari la kwanza laweza kusamehewa upogo wake, kwani aliyeliunda ndiye anayeliendesha. La kuuzwa halisamehewi. Bomba la gari la tano sharti likae barabara katika nafasi ya bomba la gari la nne, vipimo viandikwe ili fundi mwingine avisome, na mteja aliyevunjikiwa arudi kulalamika na asikilizwe. Hapo ndipo ujuzi wa mkono unapogeuka kuwa maarifa yanayoweza kurithiwa.

Moss huyo huyo alishinda mbio za Argentina mwaka wa 1958 kwa gari la Cooper, ushindi wa kwanza wa gari lenye injini nyuma katika mashindano ya dunia ya langalanga. Mwaka wa 1959 Jack Brabham akawa bingwa wa dunia. Mapema mwaka wa 1960 Bruce McLaren alishinda tena Argentina kwa gari lao, lakini gari jipya la Lotus lilionyesha kasi ya kutisha. Wangeweza kubweteka na ushindi wao. Badala yake walirudi nyumbani wakaunda kiunzi kingine, kilicho chini zaidi, na Brabham akashinda mbio tano mfululizo na kutwaa ubingwa kwa mara ya pili.

Sasa tujitazame. Mwaka wa 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, na mwaka wa 1990 Nyayo Pioneer likazinduliwa Kasarani. Magari machache ya majaribio yaliundwa, fedha za kuyazalisha kwa wingi hazikupatikana, na mambo yakafifia. Wako wanaolicheka gari hilo hadi leo. Mimi silicheki, kwani Topolino mbili zilizopeana mgongo hazikuwa na sura ya kujivunia. Ninachouliza ni kwa nini halikupewa ndugu mdogo.

Nashuku kwamba jibu limo madarasani mwetu. Mwanafunzi wa ufundi huunda kifaa, hutuzwa alama, kisha kifaa hutupwa stoo kikale vumbi. Mwaka ufuatao mwenzake huanza upya, na pengine hurudia kosa lile lile. Mwalimu ataniuliza: nikimpa mwanafunzi kazi ya mwenzake, si nitakuwa nimehalalisha udanganyifu? Katika taaluma yangu hatuoni hivyo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka wa 1981, na toleo lake la pili mwaka wa 2004, wala sijasikia mtu akiwaita wahariri wa toleo hilo wezi. Walipimwa kwa walichosahihisha na walichoongeza.

Basi stoo zifunguliwe mwanzoni mwa muhula. Kila kifaa kiwe na daftari lake la vipimo, na majina ya waliokigusa. Mwanafunzi achague kimoja, akivunje akitaka, aeleze kwa maandishi kilipokuwa dhaifu na alichokibadilisha, kisha atuzwe alama kwa mabadiliko hayo.