Msishangae matao tu, tazameni bomba la mwisho

Wandugu, wiki iliyopita mmoja wetu alituma kwenye grupu picha ya Pont du Gard, lile daraja la mawe kule kusini mwa Ufaransa. Matao yamepandana ghorofa tatu, karibu mita 49 kwenda juu. Warumi walilijenga miaka kama 2,000 iliyopita ili maji yavuke mto yaende mji wa Nîmes. Komenti zikajaa: "hatari sana", "hawa watu walikuwa na akili". Sibishi. Ila naona tumeshangaa mahali pasipo penyewe.

Kwanza, matao yalikuwa sehemu ndogo tu ya kazi. Mfereji wa kwanza wa Roma, Aqua Appia, wa mwaka 312 kabla ya Kristo, ulikuwa na urefu wa kilomita kama 16, na karibu wote ulipita chini ya ardhi. Aqua Marcia, wa mwaka 144 kabla ya Kristo, ulifika kilomita 91 hivi, na 80 kati ya hizo hazionekani. Pampu hakuna. Maji yanatembea kwa mteremko tu. Huo mfereji wa Nîmes una kilomita 50, na kutoka chemchemi hadi mjini unashuka kama mita 12 na nusu. Ukigawanya, ni wastani wa sentimeta 25 kwa kila kilomita, haifiki hata rula ya shule! Ukizidisha mteremko maji yanakula kuta, ukipunguza yanalala. Hapo kweli akili ilitumika.

Lakini maji kufika mjini ni jambo moja, na maji kumfikia mtu ni jambo lingine. Sisi tuliozoea kupanga madumu tangu alfajiri tunalijua hilo bila kufundishwa. Tangi linaweza kuwa limejaa pale juu na mama akarudi nyumbani na dumu tupu.

Warumi nao walilijua. Mfereji uliishia kwenye tangi la kugawia, na kutoka pale mabomba ya risasi yalipeleka maji kwenye visima vya barabarani, mabafu ya umma, na nyumba za wale walioruhusiwa. Vitruvius, fundi aliyeandika kitabu cha ujenzi, alishauri tangi liwe na sehemu tatu, na maji yakizidi kwenye zile mbili za pembeni yamwagikie ya katikati, ile ya visima vya wote. Pompeii wamechimbua visima vya namna hiyo kama 40, vingi viko kwenye njia panda, mtu wa kawaida anateka bila kulipa.

Sasa njoo kwenye wizi. Mwaka 97 baada ya Kristo mfalme Nerva alimpa mzee mmoja, Frontinus, kazi ya kusimamia maji ya Roma. Wakati huo mifereji ilikuwa 9. Huyu mzee angeweza kukaa ofisini akasifia matao. Yeye akapima. Akakuta maji yanayoingia kwenye mifereji ni mengi kuliko yale ambayo madaftari yalisema yanagawiwa. Yanaenda wapi? Wenye mashamba walikuwa wametoboa mfereji njiani. Mjini, mabomba ya siri yalipita chini ya barabara, na wafanyakazi wa maji wenyewe ndio waliokuwa wanauza. Kila aliyeruhusiwa alitakiwa afungiwe mdomo wa shaba wenye kipimo na mhuri. Kumbe mingine ilikuwa mikubwa kuliko kipimo, mingine haina mhuri kabisa. Na haki ya maji ikihamia kwa mtu mpya, walitoboa tundu jipya kwenye tangi na kuliacha la zamani lifanye biashara.

Mafundi nao walikuwa wakichukuliwa kwenda kufanya kazi za watu binafsi. Frontinus akaanza kuandika leo kazi ya kesho, na kila siku kuandika kilichofanyika. Daftari tu, jamani! Mimi hilo daftari nalihesabu ni kubwa kuliko daraja.

Najua kuna atakayeniambia Roma haikuwa na haki yoyote. Ni kweli. Ruhusa ya kuvuta bomba nyumbani ilitoka kwa mfalme, kwa hiyo wakubwa walioga kwao na maskini alibeba mtungi. Na watu 700 waliotunza mifereji hiyo walikuwa watumwa, 240 wa kikosi kilichoachwa na Agrippa na 460 walioongezwa na mfalme Klaudio. Hao ndio walioziba nyufa na kufanya usafi ili maji yasisimame. Majina yao hatunayo, ya wafalme tunayo. Kwa hiyo aliyeandika "Warumi walijenga" aongeze na nani aliyeshika koleo.

Kule Nîmes lile tangi la kugawia bado lipo. Ni beseni la mawe la duara, upana kama mita 6, halina urefu wala matao, na ukutani lina matundu 10 ya mabomba kwenda mitaa mbalimbali. Halipendezi kwenye picha. Nimeituma hapa chini. Hesabuni matundu, halafu tuongee kila moja lilikuwa linaenda kwa nani.