Yasemwayo Kuhusu Kuondolewa Ulimi

"Akikatwa ulimi atakuwa bubu." Hili ndilo linalosikika kwanza, na linawafungia wagonjwa nyumbani hadi saratani inakomaa. Sauti haitoki ulimini. Hutoka kwenye zoloto, kooni, na ulimi huiumba iwe maneno. Aliyeondolewa ulimi wote, zoloto likabaki, bado ana sauti. Herufi za midomo, yaani p, b, m, f na v, humtii, kwa hiyo "mama" na "baba" ni miongoni mwa maneno yanayomtoka vizuri zaidi. Zinazomtesa ni t, d, l, r, s na k: jaribu kusema "kitanda" bila kuinua ulimi. Watu wa nyumbani humwelewa mapema kuliko muuza duka, na mazoezi na mtaalamu wa usemi husaidia. Aliyekatwa nusu ya ulimi hali yake ni nyepesi zaidi, lakini mitaani wote wawili huwekwa kapu moja.

"Atalishwa kwa mpira maisha yote." Hapa kuna ukweli, nami siufichi. Ulimi ndio unaosukuma tonge nyuma. Usipokuwepo, mtu hupaliwa, chakula kikaingia mapafuni na kuleta nimonia. Baadhi hubaki na mpira wa tumboni. Wengine huondolewa zoloto pia ili mapafu yapone, na hao ndio wanaopoteza sauti yao ya asili. Lakini wapo wanaorudia uji, supu na vyakula laini kwa mdomo. Daktari huziba pengo kwa nyama na ngozi ya paja au ya kifua. Njia ya kifua, iliyoelezwa na Stephan Ariyan mwaka 1979, haihitaji darubini ya kushonea mishipa midogo, hivyo hospitali zisizo na darubini hiyo huitegemea. Nyama hiyo haichezi kama ulimi. Inatakiwa iwe nene, ifike kwenye kaakaa, ili chakula kisukumwe kuelekea kooni.

"Kisu huamsha saratani." Hakiamshi. Uvimbe unaporudi baada ya upasuaji, mara nyingi ni mabaki ya chembe ambazo hazikuonekana kwa macho, kinywani au kwenye tezi za shingo. Ndiyo maana tezi hizo huondolewa pamoja na ulimi, na mionzi inayofuata hutakiwa kuanza ndani ya wiki 6 hivi. Saratani ikishafika shingoni, nafasi ya kuishi hupungua kwa karibu nusu. Kilichoua hapo ni kuchelewa.

"Mpishi wa Chicago alipona bila kukatwa." Kweli. Grant Achatz, wa mgahawa wa Alinea, aligundulika mwaka 2007 akiwa na saratani ya ulimi ya hatua ya nne. Alishauriwa akatwe, akachagua dawa na mionzi katika Chuo Kikuu cha Chicago, na mwishoni mwa mwaka huohuo akaambiwa saratani haionekani tena. Namfurahia kwa dhati. Lakini alikataa kisu, hakukataa hospitali: mionzi ilimchoma kinywa, ladha ikampotea kabla ya kurejea polepole. Anayemtaja Achatz huku akimpelekea mgonjwa mizizi ya kusukutua anasimulia nusu ya habari. Swali la kumpelekea daktari ni hili: kwa uvimbe wangu, mionzi na dawa bila kisu vinatosha? Na kama ni kisu, zoloto litabaki?