Kinoo na Mwenye Kisu

Juzi nilikuwa Kinoo, magharibi ya Nairobi, kumzuru mwanangu. Kwetu pwani kinoo ni jiwe la kunolea kisu, nami jina hilo likanikumbusha Ayisi Makatiani. Mwaka 1994, huko Marekani, yeye na Wakenya wenzake Karanja Gakio na Amolo Ng'weno walianzisha Africa Online, miongoni mwa kampuni za mwanzo kuuza intaneti Kenya. Wakati huo simu zilikuwa mikononi mwa shirika moja la serikali, na mawasiliano ya ng'ambo yalipitia setilaiti kwa gharama kubwa. Wao ndio walionoa kisu. Lakini kampuni ilinunuliwa na wageni, na mwaka 2007 ikaangukia Telkom ya Afrika Kusini. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilipita chini ya bahari zikatua Mombasa, bei ikashuka.

Basi mlango ni wetu, na bado vijana wetu hupanda basi kwenda Nairobi kutafuta kazi za kompyuta. Mnoaji si mwenye kisu. Elimu ni amana: tuwafunze ufundi huo papa hapa pwani, washike mpini, wasishike makali. Mola atujaalie.