Kumtenga Mwenye Kifafa ni Dhuluma

Tunapozungumzia haki katika parokia zetu, mara nyingi hutajwa ardhi, mirathi, mishahara na kura. Ni mara chache anapotajwa mwenye kifafa. Hata hivyo, yupo mtoto aliyeachishwa shule kwa sababu alianguka darasani. Yupo binti ambaye hakuna athubutuye kumposa. Na yupo mzee mwenye sahani na kikombe chake, ambavyo hakuna mwingine nyumbani avigusaye. Watu hao hawakuhukumiwa na mahakama yoyote. Tumewahukumu sisi.

Imani potofu iliyo mbaya kuliko zote ni ile isemayo kwamba kifafa huambukizwa kwa mate, kwa povu au kwa mkojo wa mgonjwa. Mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, wilayani Ulanga, Tanzania. Miongoni mwa wagonjwa wake walikuwamo wengi wenye makovu makubwa ya moto. Waliangukia mekoni, na waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa. Moto uliwaunguza, lakini hofu ya jirani ndiyo iliyowaacha motoni.

Ukweli kuhusu ugonjwa huu

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na hakiambukizi kwa kugusana wala kwa kula pamoja. Chembe za ubongo hupashana habari kwa umeme hafifu. Umeme huo ukivurugika ghafula, mwili hutenda mambo ambayo mwenyewe hakuyaamuru. Hali hiyo ikijirudia pasipo homa wala sababu nyingine ya papo hapo, ndipo tunaposema kuwa mtu ana kifafa.

Wengi wetu tunaijua aina moja tu: mtu hupiga ukelele, huanguka, hukakamaa, kisha hutupa mikono na miguu. Akizinduka huwa amechoka, kichwa chamuuma, wala hakumbuki yaliyompata. Lakini zipo aina nyingine. Mtoto huduwaa kwa sekunde chache katikati ya maneno yake, kisha huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Mwalimu asiyejua humwadhibu kwa uzembe. Mwingine hutetemeka mkono mmoja tu, hunusa harufu isiyokuwapo, hushikwa na woga usio na sababu, au hutafunatafuna na kuvutavuta nguo zake bila kujitambua. Huyo huitwa mlevi au mwenye mashetani. Huko Ulanga, na pia kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, wapo watoto ambao kichwa huwainama tena na tena kama wanaosinzia. Wote hao wanahitaji mganga wa hospitali, si fimbo.

Sababu nazo ni nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali za kichwa, kiharusi, na mayai ya tegu wa nguruwe yaingiayo mwilini kwa chakula au maji machafu. Uchunguzi umeonyesha pia uhusiano wa karibu kati ya kifafa na ugonjwa wa usubi. Kwa wengine sababu haipatikani. Basi choo safi, nguruwe wasioachwa kuzurura, mkunga mwenye ujuzi na dawa ya usubi inayogawiwa kijijini ni kinga pia dhidi ya kifafa.

Sheria nazo zimewaonea

Tusidhani kwamba ubaguzi huu ni wa wasiosoma tu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliweka kifafa cha kujirudia pamoja na wendawazimu miongoni mwa sababu za kuweza kubatilisha ndoa. Kanisa nalo halikuwa na mikono safi. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 ziliwazuia wenye kifafa kupewa daraja takatifu, zikiwataja pamoja na wendawazimu na waliopagawa na pepo. Sheria mpya za mwaka 1983 hazikulirudia katazo hilo. Ikiwa Kanisa liliweza kusahihisha sheria zake, jumuiya zetu zitashindwaje kusahihisha mazoea yao?

Sala na vidonge

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 17, baba mmoja anamleta kwa Yesu mwanawe aliyekuwa akianguka motoni na majini. Yesu hakumwepuka mtoto yule wala hakumlaumu baba yake. Basi tuwaombee wagonjwa, na tuwapeleke kliniki. Lakini anayemwambia mgonjwa aache vidonge ili aonyeshe imani anamhatarisha, kwa maana kuacha dawa ghafula kwaweza kuleta mfululizo wa degedege unaoua.

Duniani wako watu wapatao milioni 50 wenye kifafa, na karibu asilimia 80 wanaishi katika nchi maskini na zenye kipato cha kati. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Fenobabitoni, dawa iliyotumika tangu mwaka 1912, ni ya bei nafuu. Kwa hiyo zahanati inapokaa miezi bila vidonge hivyo, tusiseme ni mapenzi ya Mungu. Tuwaulize wanaohusika.

Mtu akianguka, mwondoe penye moto, maji na vitu vyenye ncha. Weka kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, na mgeuze alale ubavu. Usimshike kwa nguvu, wala usimtie kijiko au kitu chochote kinywani. Kaa naye hadi azinduke. Akizidi dakika 5, au akishikwa tena kabla ya kuzinduka, mkimbize hospitali.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu kuna mwenye kifafa ambaye hatujamwona kwenye sala au sherehe? Nani atamtembelea juma hili?

2. Je, zahanati yetu ina dawa za kifafa mwaka mzima? Kama sivyo, nani atalifikisha jambo hilo kwa serikali ya kijiji na kwa mganga mkuu wa wilaya?

3. Je, tuko tayari kula naye sahani moja?