Mashine ya kahawa ya betri: niliipeleka Bomet, ikazima taa ya watoto

Nilipotea karibu wiki tatu kwa sababu nilikuwa nyumbani Bomet, upande wa Silibwet, na kule kwetu intaneti hutegemea stima imeamkaje siku hiyo. Nilikuwa na kazi ya mteja ya kumaliza, kipakatalishi changu, modemu, na kitu kimoja kipya ambacho nilikuwa nimekinunua Nairobi kwa Sh 15,000: mashine ya kahawa inayotumia betri.

Wengi wenu mmeona matangazo yake. Ni kitu cha ukubwa wa themosi ndogo. Unatia kahawa iliyosagwa upande mmoja, maji upande wa pili, unabonyeza kitufe, kinachemsha maji chenyewe kisha pampu inayasukuma kwa presha kupitia kahawa. Dakika chache baadaye una espreso, bila waya wala jiko. Matangazo yote yanaonyesha Mzungu amekaa juu ya mwamba akitazama machweo.

Mama alipokiona aliuliza, "Hii tochi inawaka wapi?" Nikamwambia ni ya kahawa. Akanitazama, akatazama shamba la chai linaloanza hatua kumi kutoka mlangoni, kisha akaenda zake kukamua ng'ombe.

Kabla mtu hajaniita msaliti wa chai: kahawa niliyobeba ilikuwa ya Kipkelion, kaunti ya Kericho. Watu wa mbali hudhani Kericho ni chai tu, lakini ukishuka upande wa Kipkelion na Fort Ternan utakuta wakulima wa kahawa na chama chao cha ushirika. Kwa hiyo uzalendo wangu uko salama. Swali langu lilikuwa moja tu: kifaa kinachouzwa kwa jina la "mahali pasipo na stima", je, kinafaa kweli mahali pasipo na stima?

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu haidanganyi kama sanduku.

Betri ya mashine hii imeandikwa 7,500 mAh kwa volti 3.7. Zidisha, ugawe kwa elfu, unapata wati-saa 27.75. Hiyo ndiyo pesa yote uliyo nayo mfukoni. Sasa tuone bei ya kikombe. Kupasha gramu moja ya maji joto kwa digrii moja kunahitaji juli 4.2. Nataka mililita 60, na maji ya tangi letu asubuhi yana kama digrii 18. Kuyafikisha 92 ni digrii 74. Kwa hiyo 60 mara 74 mara 4.2 ni juli 18,648, yaani wati-saa 5.2 hivi. Gawanya 27.75 kwa 5.2: vikombe vitano, na hapo hujahesabu joto linalopotea hewani wala kwenye chuma cha mashine yenyewe.

Mimi nilipata vikombe vinne siku ya kwanza. Asubuhi moja ya baridi nilipata vitatu. Simlaumu mtengenezaji. Fizikia ndiyo inayodai haki yake, na haina cha kupunguziwa bei.

Sasa mkasa wenyewe. Siku ya tatu stima ilipotea, na haikurudi kwa siku mbili. Nyumbani tuna sola ndogo ya wati 10 na betri yake, kwa ajili ya taa na simu. Wakati huu wa mwaka jua letu ni la asubuhi. Alasiri mawingu hupanda kutoka msitu wa Mau, mvua inanyesha, na mara nyingine mvua ya mawe inayochanachana majani ya chai. Kwa siku kama hiyo ukipata saa nne za jua zuri una wati-saa 40 kwenye karatasi, na pungufu ya hapo ndani ya betri.

Mimi, kijana niliyesomea sayansi ya kompyuta, nikachomeka mashine yangu ya kahawa kwenye sola mchana. Sikufikiri. Saa mbili usiku mpwa wangu wa gredi ya nane alikuwa mezani akifanya hesabu za shule, na taa ikafifia, ikazima. Hakuna aliyesema neno. Mama aliwasha koroboi tu, akaiweka mbele ya mtoto. Nilikuwa nimekunywa taa ya mtoto kwa vikombe vinne.

Usiku huo ndipo nilipoielewa hii bidhaa. Kwa mtu wa matangazo, kuwa mbali na stima ni mapumziko ya siku mbili, na betri aliijaza nyumbani kabla ya kuondoka. Kwa mtu anayeishi pasipo stima ya kutegemewa, kila wati-saa ina mwenyewe tayari. Modemu yangu inakula kama wati 10. Betri nzima ya hiyo mashine ni chini ya saa tatu za intaneti. Mijazo miwili ni kama kujaza kipakatalishi mara moja. Ukitengeneza bajeti ya namna hiyo, kuchemsha maji kwa betri ni kama kukodi helikopta kwenda dukani kununua chumvi.

Na wakati huohuo, hatua tano kutoka mezani, jikoni kuna moto! Kuni kavu zina kama wati-saa 4,400 kwa kilo. Hata jiko la mawe matatu, linalopoteza sehemu kubwa ya joto lake, likitupa asilimia 15 tu, gramu mia moja za kuni zinaingiza ndani ya sufuria zaidi ya mara mbili ya betri yangu nzima. Mtungi wa gesi wa kilo 6, ule wenye jiko juu, una zaidi ya wati-saa 70,000. Hata nusu ikipotea, bado ni betri yangu zaidi ya mara elfu moja.

Sisemi turudi kwenye kuni. Moshi wa jikoni umeumiza vifua na macho ya mama zetu vya kutosha, na ndiyo maana napenda ule mtungi wa gesi. Ninachosema ni kwamba joto ni mzigo mzito, na betri ni punda mdogo.

Kulikuwa na tatizo lingine ambalo lilinichekesha kama mwandishi wa programu. Kwetu ni kama mita 2,100 juu ya bahari. Katika urefu huo maji hayachemki kwa digrii 100. Huchemka karibu na 93. Mara mbili mashine ilichemsha na kuchemsha, mvuke ukitoka, taa yake ikimetameta, lakini pampu haikuanza mpaka nilipobonyeza kwa nguvu mimi mwenyewe. Hisia yangu ni kwamba programu ya ndani inasubiri kiwango cha joto ambacho maji ya huku hayawezi kukifikia hata uyapigie magoti. Yule aliyeandika msimbo ule huenda aliketi mahali karibu na bahari, akajaribu mara moja, ikafanya kazi, akaenda nyumbani. Wenzangu tunaoandika programu, tusimcheke sana. Ni wangapi kati yetu tumeandika fomu inayodai anwani ya mtaa na nambari ya nyumba, kwa mtu ambaye anwani yake ni "baada ya kituo cha kununulia majani chai, uliza"?

Lakini urefu huohuo una zawadi. Espreso hutaka maji ya digrii 90 hadi 96 hivi. Kule Mombasa ukichemsha maji inabidi usubiri yapoe kidogo. Bomet na Kericho, maji yanayotokota ndiyo hasa joto la kahawa! Unamimina moja kwa moja.

Hapo ndipo nilipopata jawabu. Mashine hii inafanya kazi mbili: kuchemsha na kusukuma. Kuchemsha tumeona ni juli 18,648. Kusukuma je? Mililita 60 kwa presha ya baa 9 ni juli 54. Hamsini na nne! Tuseme pampu ni mbovu, inapoteza tisa ya kumi. Bado ni juli 540, yaani wati-saa 0.15.

Basi nikabadilisha utaratibu:

1. Asubuhi mama anapochemsha maji ya chai, naomba kikombe kimoja zaidi kwenye sufuria, nakitia kwenye themosi.
2. Saa nne, maji ya themosi yamebaki kama digrii 84. Namimina ndani ya mashine.
3. Betri inapandisha digrii nane tu (wati-saa 0.56) halafu inasukuma.

Kwa njia hiyo nilitengeneza zaidi ya vikombe 20 kwa siku tisa bila kuigusa sola. Kahawa ni nzuri kweli, ina povu lake la rangi ya asali, na mpwa wangu akabaki na taa yake.

Baadaye nikacheka nilipokumbuka kwamba viwanda vya chai vinavyotuzunguka vilijua siri hii zamani. Pita karibu na Tirgaga au Kapkoros uone milima ya magogo ya mikaratusi. Kiwanda kinatumia stima kuzungusha mota za mashine za kukata majani na feni, lakini joto la kunyausha na kukausha majani hutoka kwa kuni zinazochoma bwela. Stima ni ya kuzungusha, moto ni wa kupasha. Nilitumia Sh 15,000 kujifunza jambo lililokuwa likifuka moshi ng'ambo ya kilima tangu utoto wangu.

Na ndugu zetu wa pwani walimaliza mjadala kabla yetu wote. Muuza kahawa wa Lamu au Mombasa hutembea na dele lake la shaba, makaa yakiwa chini yake, vikombe vikilia mkononi. Hiyo ndiyo mashine ya kahawa ya kubeba, isiyo na stima, na ikiharibika fundi wa mtaani anaitengeneza.

Sasa hukumu. Je, ununue?

Ukiwa dereva wa masafa marefu, au mtu wa safari ambaye gari lake linajaza betri likitembea, nunua, utafurahi. Ukiwa kama mimi, unafanya kazi kijijini na stima inakuja na kuondoka, unaweza kununua, lakini itumie kama pampu, si kama jiko. Kama unatafuta kahawa nzuri tu, tafuta kifaa cha kusukuma kwa mkono, AeroPress kwa mfano, au birika la Kiitaliano la moka lililobuniwa mwaka 1933, linalokaa juu ya jiko lolote. Vyote viwili havina betri ya kufa baada ya miaka mitatu, na hakuna programu ya kusubiri joto lisilofika.

Jambo la mwisho, na hili ndilo linaloniuma. Tuseme mkulima analipwa Sh 25 kwa kilo ya majani mabichi. Sh 15,000 ni kilo 600. Ni majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, mgongo umeinama, mvua shingoni, mpaka kilo 600. Mama hakuniuliza bei, nami sikumwambia.

Kwa hiyo enyi mnaotengeneza vifaa vya "mahali pasipo na stima", njooni mkae wiki moja mahali pasipo na stima. Si kwenye hema. Kwenye nyumba yenye watoto wanaosoma. Mtaunda kifaa kingine kabisa: chenye tundu kubwa la kumimina maji moto, pampu ndogo, betri ya robo ya hii, na bei ya robo pia. Hicho nitakinunua viwili, kimoja cha mama. Anasema kahawa yangu ni chungu kama dawa, lakini jana kwenye simu aliniuliza kama ile tochi nitairudisha Krismasi.

Kama unayo mashine ya aina hii, hasa ukiwa Limuru, Nyahururu au mahali pengine pa juu, niambie: pampu yako huanza yenyewe, au nawe hubonyeza kwa nguvu? Mpaka wakati mwingine, kwaherini.