Qadari Haizuii Tiba: Damu ya Kitovu na Maradhi ya Kurithi



Ndugu wanafunzi, napenda tuzungumze juu ya watoto ambao mitaani kwetu husemwa vibaya. Mtoto anazaliwa mzima, ananyonya, anacheka, kisha baada ya miezi kadhaa anaanza kurudi nyuma. Viungo vinakakamaa, tumbo linavimba, macho yanaingia ukungu. Wapo wanaosema kapatwa na shetani. Wapo wanaomnong'ona mama yake. Na wapo wanaodhani wametamka neno la dini wanaposema, "Hiyo ni qadari, mwacheni tu."

Kauli hii ya mwisho ndiyo inayonitia uchungu zaidi, kwa sababu imevishwa kanzu ya dini.

Dalili hizo ni za maradhi yaitwayo Hurler. Ndani ya seli za mwili kuna kazi ya kuvunjavunja mabaki, na kila kazi ina kimeng'enya chake. Mtoto huyu amekosa kimeng'enya kimoja tu, basi taka zinarundikana kwenye ini, moyo, mifupa na ubongo. Bila ya tiba, wengi hufariki kabla ya kufika miaka 10. Maradhi haya hurithiwa kwa baba na mama kwa pamoja. Kila mmoja amebeba kasoro bila ya kujua wala kuumwa, na kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya mtoto kuipata kasoro kutoka pande zote mbili. Anayemlaumu mama peke yake amekosa adabu, na hesabu pia imemshinda.

Mwaka 1968 huko Marekani, Elizabeth Neufeld na wenzake walichanganya seli za wagonjwa wa Hurler na za wagonjwa wa maradhi jirani yake yaitwayo Hunter. Zikatibiana! Kila upande uliupa mwenzake ulichokosa. Kutokana na elimu hiyo, mwaka 1980 mjini London, Dokta Jack Hobbs na wenzake walimpandikizia mtoto wa Hurler uboho wa mifupa kutoka kwa mtu mwenye afya. Ndani ya uboho mna seli shina, yaani seli zinazozalisha seli nyingine za damu. Zikishaota hutoa kimeng'enya, na seli za jirani hukichukua. Tena kizazi chake hufika hata kwenye ubongo, mahali ambapo dawa ya kudungwa mshipani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, haifiki ipasavyo.

Tatizo likabaki moja: kumtafuta mtoaji wa uboho anayelingana na mgonjwa huchukua miezi, na ubongo wa mtoto haungoji.

Hapa ndipo ilipoingia kazi ya Dokta Joanne Kurtzberg wa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina. Damu inayobaki kwenye kitovu na kondo la nyuma baada ya uzazi nayo ina seli shina. Inaweza kugandishwa na kuwekwa tayari, na kulingana kwake hakuhitaji kuwa kamili kama kwa uboho. Mwaka 1988 mvulana wa miaka 5 aliyekuwa chini ya uangalizi wake, mwenye maradhi mengine ya kurithi, alipelekwa Paris. Huko Dokta Eliane Gluckman alimpandikizia damu ya kitovu cha dada yake mchanga, mara ya kwanza duniani. Mwaka 1993 Kurtzberg akatumia damu ya mtoto asiye ndugu wa mgonjwa. Mwaka 2004 yeye na wenzake walieleza habari za watoto 20 wa Hurler waliotibiwa hivyo: 17 walikuwa hai.

Mwaka uliofuata walieleza maradhi ya Krabbe, yanayoharibu mishipa ya fahamu. Watoto 11 walitibiwa wakiwa na siku 12 hadi 44, kabla ya dalili, na wote walikuwa hai. Wengine 14 walitibiwa baada ya dalili kuanza, na zaidi ya nusu wakafariki. Tiba ile ile, tofauti ni wakati! Sitaki kuwadanganya: dawa za kumtayarisha mgonjwa ni kali na zinaweza kuua, na miongoni mwa wale 11 wengi walikuja kupata shida ya kutembea.

Sasa turudi kwenye qadari. Sayyidna Umar (R.A.) alipogeuka njiani kwenda Sham kwa sababu ya tauni, Abu Ubayda (R.A.) alimuuliza kama anakimbia qadari ya Allah. Jibu lake lilikuwa kwamba anaitoka qadari ya Allah kuiendea qadari ya Allah. Mzazi anayempeleka mwanawe hospitali anafuata njia hiyo hiyo.

Mwanafunzi wa fiqhi atauliza: damu si najisi? Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, lilikaa Desemba 2003 likaruhusu kutumia seli shina kwa tiba zikitoka njia ya halali, na damu ya kitovu ikatajwa humo. Na kwa wale wanaozika kondo, hakuna ugomvi: damu huchukuliwa kwa dakika chache baada ya kitovu kukatwa, takriban mililita 100, kisha kondo likazikwe. Kwangu mimi hiyo ni sadaka ya siri. Mama anayetoa hamjui mtoto atakayepona.

Limebaki la ndoa za binamu. Sheria imezihalalisha, haikuziwajibisha, na zinaongeza uwezekano wa maradhi haya. Saudi Arabia tangu mwaka 2004 imewataka wachumba wapimwe maradhi ya damu ya kurithi, wala haikuona kuwa kupima kunapingana na tawakkul. Na familia iliyokwisha kupata mtoto wa namna hii imwone daktari kabla ya mimba nyingine, kwani ile 1 katika 4 huanza upya kila mimba.

Wallahu a'lam.