Kompyuta inasema barua ni rahisi. Mama anayeisoma ameulizwa?

Leo tuongee kuhusu jambo ambalo sisi tunaojitolea tunakutana nalo mara kwa mara: barua na matangazo ya Kiingereza yanayoletwa kambini. Ukisema watu hawaelewi, unajibiwa, "Hiyo tumeipima kwenye kompyuta, ni Kiingereza rahisi." Mimi nasema kipimo hicho peke yake hakitoshi.

Programu nyingi za namna hii zinatumia kanuni ya Rudolf Flesch. Huyu mzee mwenyewe alikuwa mkimbizi. Alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1911, akawakimbia Wanazi mpaka Marekani, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kijerumani, sio Kiingereza. Mwaka 1948 alitoa kanuni ya kupima wepesi wa maandishi ya Kiingereza. Mwaka 1975 Kincaid na wenzake wakaigeuza kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, ili iseme maandishi yanamfaa mtu wa darasa la ngapi. Hadi leo imo ndani ya Microsoft Word.

Inahesabu vitu viwili tu: sentensi ina maneno mangapi, na neno lina silabi ngapi. Vikiwa vifupi, alama inapanda. Alama 100 ni rahisi sana, chini ya 30 ni ngumu sana.

Sasa angalia. "My mother is in hospital" inapata kama 66. "You may lodge an appeal" inapata 100. Yaani kwa kompyuta, hii ya pili ndiyo nyepesi. Lakini hapa kwetu nani hajui hospital? Ni hospitali ileile. Ila "lodge" watu wengi wanajua ni gesti, mahali pa kulala. Kumbe barua inamwambia mtu ana haki ya kukata rufaa! Yeye anaikunja anaiweka, siku zinahesabika, muda unaisha, haki imepotea. Na alama yake bado ni 100.

Tena pangua hayo maneno, andika "Appeal an lodge may you." Alama haibadiliki hata kidogo, manake kompyuta inahesabu tu, haisomi maana.

Ukijaribu kupima Kiswahili kwa kanuni hiyohiyo, ndio vichekesho kabisa. "Watoto wanacheza mpira uwanjani" inashuka chini ya sifuri, karibu -93, kwa sababu neno letu moja linabeba mambo mengi ndani yake. Na hiyo sentensi mtoto wa darasa la pili anaisoma bila shida.

Sisemi programu zitupwe. Sentensi ya maneno 50 ni mzigo kwa kila mtu, na kompyuta inaikamata haraka kuliko sisi. Iwe mlango wa kwanza, lakini isiwe hakimu.

Ombi langu kwa maofisi ni hili. Kabla barua haijatoka, wapeni watu watatu wa hapa kambini waisome: mzee mmoja, mama mmoja, na kijana aliyeishia shule ya msingi. Msiwaulize "mmeelewa?" manake kwa heshima tutajibu ndiyo. Waulizeni: "Kesho utafanya nini? Utaenda wapi? Mwisho ni tarehe ngapi?" Wakijibu sawasawa, hapo barua ni rahisi kweli. Na barua inayogusa haki ya mtu, kama kesi yake au chakula chake, iandikwe pia kwa lugha anayoongea nyumbani.

Na sisi vijana tusikae tu kulalamika. Andikeni hapa neno moja fupi la Kiingereza ambalo limewahi kuwachanganya watu wa block yenu. Tukusanye orodha, tuipeleke ofisini. Mimi nimeanza na "lodge". Wewe je?